NANI ANARUHUSIWA KUFUNGUA FAILI LAKO?

Wengi wetu tunakumbuka jinsi faili la mgonjwa lilivyokuwa likisafiri hospitalini. Ulifika alfajiri na kadi yako yenye namba, ukaipitisha kwenye dirisha la masijala, karani akapotelea kati ya makabati, na baada ya muda akatoka na faili la karatasi ngumu. Pengine ulilibeba mwenyewe hadi kwa daktari, kutoka kwa daktari hadi maabara, kutoka maabara hadi dirisha la dawa. Likipotea, ulirudi kesho. Ubaya wake ulikuwa mwingi, lakini faili hilo lilikuwa na ulinzi mmoja ambao hatukuufikiria: liliweza kuwa mkononi mwa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja.

Siku hizi katika hospitali nyingi, za serikali na za Kanisa, karani wa mapokezi anaandika jina lako kwenye kompyuta na faili linaonekana katika kila chumba. Daktari anaona majibu ya maabara kabla wewe hujarudi kwenye benchi. Hili ni jema, wala ukurasa huu hauna nia ya kuwarudisha watu kwenye makabati yenye vumbi. Ila faili la namna hiyo laweza kufunguliwa na watu ishirini ndani ya saa moja, kutoka vyumba ishirini, bila hata mlio wa mlango, nawe umekaa pale pale kwenye benchi. Kwa hiyo kuna swali ambalo kila familia ina haki ya kuliuliza: kati ya hao wote, nani anaruhusiwa kufungua, afungue kurasa zipi, na nani atajua kwamba amefungua?

Tutaanza na faili la kawaida la matibabu. Kisha tutakuja kwenye jambo ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia, nalo ni kumbukumbu za matukio, yaani taarifa ambazo hospitali huandika pale kitu kinapokwenda vibaya, kama mgonjwa kupewa dawa isiyo yake. Huko ndiko swali la nani aone na nani asione linakuwa gumu kweli kweli.

MUUGUZI WA FINLAND

Katika nchi ya Finland kulikuwa na mama mmoja muuguzi. Mahakama ilimficha jina, ikamwita kwa herufi moja tu, I. Tangu mwaka 1987 alikuwa akihudhuria kliniki ya magonjwa ya kuambukiza kwa sababu alikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1989 alianza kufanya kazi katika hospitali hiyo hiyo aliyotibiwa, kwenye kliniki ya macho. Mwanzoni mwa mwaka 1992 akaanza kusikia maneno ya mafumbo kutoka kwa wenzake wa kazi. Akahisi kwamba wanajua.

Walijuaje? Wakati ule wafanyakazi wa hospitali hiyo walikuwa na uhuru wa kufungua rejista ya wagonjwa. Muuguzi wa macho aliweza kusoma habari za mgonjwa wa kliniki nyingine kabisa, hata kama hakuwa na kazi yoyote na mgonjwa huyo. Mama yule alimweleza daktari wake wasiwasi alio nao, na katika mwaka huo huo rejista ikabadilishwa ili kliniki inayomtibu mgonjwa peke yake ndiyo ione kumbukumbu zake. Yeye mwenyewe akaandikishwa kwa jina la bandia. Mwaka 1995 mkataba wake wa kazi, ambao ulikuwa wa muda, haukurudiwa.

Mwaka 1996 aliomba mamlaka ichunguze ni nani hasa aliyefungua faili lake. Jibu alilopata ndilo linalotufanya tumtaje hapa. Aliambiwa kwamba haiwezekani kujua. Mfumo ulikuwa ukionyesha mara tano tu za mwisho ambazo faili lilifunguliwa, tena ulionyesha kitengo, si mtu. Na faili likirudishwa katika hifadhi, hata hizo alama tano zilifutwa. Akaenda mahakamani, akashindwa. Mahakama ya rufaa ilikubali kwamba maelezo yake yanaaminika, lakini ikasema hakuna uthibitisho wa nani alisoma. Angeuleta wapi uthibitisho, na mlango wenyewe haukuwa na alama za vidole?

Alikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 17 Julai 2008, yaani miaka kumi na sita baada ya kusikia yale mafumbo, mahakama hiyo iliamua kwamba Finland ilivunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Majaji walisema, kwa ufupi, kwamba haitoshi nchi kuwa na sheria inayokataza na kulipa fidia baada ya madhara. Lazima ulinzi wenyewe uwepo tangu mwanzo, uzuie mtu asiye na kazi na faili asilifungue. Pamoja na fidia nyingine alipewa euro 8,000 kwa ajili ya mateso ya moyo. Katika umri huo wa kesi mtoto mchanga angekuwa amekwisha kuanza sekondari.

RUHUSA IFUATE KAZI

Kwa bahati, mwaka ule ule wa 1992 wataalamu wawili wa Marekani, David Ferraiolo na Richard Kuhn, walitoa maandishi juu ya njia ya kupanga ruhusa katika kompyuta. Wazo lao ni rahisi kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kukabidhiwa funguo. Badala ya kumpa kila mtu ruhusa zake kwa jina lake, unatazama kwanza kazi zilizopo katika nyumba. Kila kazi unaipa ruhusa zake. Halafu mtu anapewa kazi, na ruhusa zinakuja pamoja na kazi hiyo. Akiacha kazi, ruhusa zinabaki kwenye kiti. Yeye anaondoka mikono mitupu.

Tuone hospitalini. Karani wa mapokezi anahitaji jina lako, umri, mahali unapoishi, namba ya simu na namba ya bima. Hahitaji kujua ulipimwa nini. Mtu wa maabara anahitaji kujua kipimo kilichoombwa na chupa ya damu ni ya nani, naye anaandika majibu; hana haja ya kusoma mazungumzo yako na mshauri nasaha. Mfamasia anahitaji dawa ulizoandikiwa, uzito wa mtoto, na kama una dawa inayokudhuru. Keshia anaona gharama. Hapa pana mtego mdogo, maana bili yenye jina la kipimo au la dawa inasema ugonjwa hata kama ukurasa wa ugonjwa umefungwa. Hospitali yenye busara huliangalia hilo. Muuguzi wa wodi anaona wagonjwa wa wodi yake, daktari anaona wagonjwa anaowatibu. Na fundi wa kompyuta, ambaye watu humdhania kuwa lazima aone kila kitu, kazi yake ni kuhakikisha mashine zinafanya kazi. Fundi anayetengeneza kitasa cha sanduku la barua hahitaji kusoma barua.

Sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kuona jambo hili kuwa geni. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 487, zinaagiza hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo wake uwe kwa Askofu na kansela peke yao. Kwa hifadhi ya siri, kanuni ya 490 inakaza zaidi: ufunguo ni wa Askofu tu. Je, Askofu akifariki au akihamishwa? Hifadhi ya siri haifunguliwi wakati kiti kiko wazi, isipokuwa kwa haja ya kweli, na hapo ni msimamizi wa jimbo mwenyewe anayefungua, hamtumi mtu mwingine. Angalieni kwamba sheria haikutaja jina la mtu yeyote. Imetaja cheo. Na kanuni hiyo ya 487 haikusahau mwenye habari: mtu ana haki ya kupata nakala ya hati za wazi zinazohusu hali yake mwenyewe, kwa mfano cheti chake cha ubatizo. Kufunga mlango kwa wengine hakumfungii mwenyewe.

Mpango huo ukiandikwa karatasini unapendeza. Shida huanza unapozeeka bila kutazamwa. Muuguzi alikuwa wodi ya wazazi, akahamishiwa kliniki ya meno, lakini ruhusa ya wodi ya wazazi hakuna aliyeiondoa. Mwanafunzi wa uuguzi amemaliza mafunzo amekwenda kwao, jina lake bado linafungua. Mwaka 2018 wakaguzi wa Ureno waliikuta hospitali ya Barreiro ikiwa na majina 985 yenye ruhusa ya daktari, wakati madaktari waliokuwepo walikuwa 296. Wale mia sita na themanini na tisa waliobaki walikuwa nani? Mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi hiyo iliitoza hospitali faini ya euro 400,000. Hospitali hiyo haikuwa haina mpango wa ruhusa. Mpango ulikuwepo, hapakuwa na mtu wa kurudisha funguo.

NENO LA SIRI LA KUAZIMANA

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauhitaji faini kutoka Ulaya ili tuuone, kwani uko karibu nasi. Ni kuazimana neno la siri. Daktari mmoja anafungua kompyuta ya wodi asubuhi kwa jina lake, na wodi nzima inaitumia hadi jioni. Au neno la siri limeandikwa kwenye karatasi, likabandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta. Wanaofanya hivyo mara nyingi si watu wabaya. Wana wagonjwa wengi, kompyuta ni moja, na kuingia upya kunachukua dakika ambazo hawana.

Lakini tufikirie matokeo. Tuseme usiku mgonjwa ameandikiwa dawa kwa kipimo kikubwa mno. Kumbukumbu inasema daktari fulani ndiye aliyeandika, saa nane usiku. Daktari huyo alikuwa nyumbani amelala. Nani aliandika? Tumerudi Finland, kwenye mlango usio na alama. Tena safari hii mtu asiye na hatia ameandikwa jina. Kwa hiyo mfanyakazi anayekataa kuazima neno lake la siri si mchoyo wala hana majivuno. Anamlinda mgonjwa, na anajilinda yeye. Uongozi nao una wajibu wake: kama kompyuta ni moja kwa wauguzi sita, hapo kuhubiri peke yake hakutoshi.

MLANGO WA DHARURA

Mtu aweza kuuliza: je, ruhusa zikibanwa hivyo, mgonjwa hatakufa mlangoni? Mama mjamzito analetwa usiku anatoka damu, daktari wa zamu hajawahi kumtibu, faili lake limefungwa kwa kliniki nyingine. Daktari asubiri mpaka asubuhi?

Hasubiri. Mifumo iliyotengenezwa vizuri ina mlango wa dharura, unaofanana na kile kisanduku cha kioo chenye king'ora cha moto katika majengo makubwa. Yeyote aweza kukivunja kioo, na kila mtu atajua kimevunjwa. Daktari anabonyeza kwamba hii ni dharura, anaandika sababu kwa maneno machache, faili linafunguka hapo hapo. Jina lake, saa na sababu vinaandikwa, na kesho yake mtu aliyepewa kazi hiyo anapitia orodha ya vioo vilivyovunjwa usiku. Mama aliyetoka damu ni sababu. "Nilitaka kujua jirani yangu ana nini" si sababu. Kama hakuna anayeipitia orodha hiyo asubuhi, basi mlango wa dharura umegeuka kuwa mlango wa kawaida, na nadhani katika sehemu nyingi huu ndio udhaifu wa kutazamwa kwanza.

KITU KINAPOKWENDA VIBAYA

Sasa tuje kwenye kumbukumbu za matukio. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu mgonjwa 1 katika kila 10 hupata madhara wakati wa kupewa huduma, na kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya huduma isiyo salama. Karibu nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Mgonjwa ameanguka kitandani. Damu ya mgonjwa mmoja imewekwa jina la mwingine. Vichupa viwili vya dawa vinafanana, na muuguzi amechukua kile kisichofaa. Kloridi ya potasiamu iliyo kali, ikidungwa mshipani bila kuchanganywa na maji mengi, inaweza kusimamisha moyo. Au mfanyakazi mwenyewe amejichoma sindano iliyotumika.

Hospitali nzuri huandika matukio haya, hata yale yaliyokaribia kutokea yakazuiliwa dakika ya mwisho. Zamani yaliandikwa katika daftari la ripoti ya wodi. Siku hizi zipo programu za kompyuta kwa kazi hiyo hiyo. Na hapa mambo mawili mema yanavutana.

Taarifa ikionwa na kila mtu, hakuna atakayeandika. Muuguzi aliyekosea kichupa anajua kesho yake jina lake litakuwa midomoni mwa watu kantini. Atanyamaza, na vichupa vile viwili vitaendelea kukaa kwenye rafu moja, vikimngoja muuguzi mwingine na mgonjwa mwingine. Taarifa ikifungiwa sana nayo, hakuna atakayejifunza. Marubani walilijua hilo kwa uchungu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA iligonga mlima ikikaribia Washington, wakafa watu wote 92 waliokuwa ndani. Baadaye ikajulikana kwamba wiki sita kabla, rubani wa shirika jingine alinusurika chupuchupu mahali pale pale kwa kutoelewa maagizo yale yale. Aliripoti, na shirika lake likawaonya marubani wake. Onyo lilibaki ndani ya nyumba moja. Ndiyo sababu mwaka 1976 Wamarekani walianzisha utaratibu ambao rubani anaandika kosa lake na kulipeleka kwa NASA, chombo kisichokuwa na mamlaka ya kumwadhibu. Huko wanaondoa jina lake, wanamrudishia kipande cha karatasi chenye jina kama stakabadhi, na funzo bila jina linatangazwa kwa wote.

Hospitali imeazima hekima hiyo. Tuone jinsi ruhusa zinavyogawanywa katika programu ya matukio iliyopangwa vema.

Kuandika tukio ni ruhusa ya kila mfanyakazi, kuanzia daktari bingwa hadi mfagizi. Mfagizi ndiye mara nyingi anayeiona sindano chini ya kitanda. Mahali pengine mtu anaruhusiwa kuandika bila jina. Aliyeandika anaweza kuiona taarifa yake na kujua imefikia wapi; hawezi kuzisoma za wenzake. Mkuu wa wodi anaona matukio ya wodi yake, ili achukue hatua siku ile ile. Anayeratibu ubora wa huduma anaona ya hospitali nzima, maana ndiye anayeweza kugundua kwamba kichupa kile kile kimeleta shida katika wodi tatu. Kamati inayochunguza inasoma maelezo yote ya tukio inalolichunguza. Wafanyakazi wengine wanasoma funzo: nini kilitokea, kwa sababu gani, nini kimebadilishwa. Majina ya mgonjwa na ya mfanyakazi hayamo.

Kuna mambo mawili ambayo ningeyakagua kabla ya mengine yote kama ningekuwa mjumbe wa bodi ya hospitali. La kwanza: mtu asiwe hakimu wa tukio lake mwenyewe. Kama taarifa inamtaja mkuu wa wodi, programu impite, iende kwa aliye juu yake. Asiweze kuifunga wala kuibadilisha. La pili: pasiwe na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kufuta. Mganga mfawidhi asifute, fundi asifute. Maelezo yakiwa na makosa, sahihisho linaongezwa chini yake likiwa na jina na saa, na maneno ya kwanza yanabaki yakisomeka. Daftari lililochanwa kurasa watu huliona, lakini ukurasa uliofutwa katika kompyuta hauachi hata kipande cha karatasi.

Mfanyakazi aliyejichoma sindano anastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapo yeye ni mtumishi na mgonjwa kwa wakati mmoja. Tukio lake linapaswa kujulikana mara moja, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72. Kwa hiyo mkuu wake anahitaji kujua kwamba amechomwa na kwamba amepelekwa kupata dawa. Majibu ya vipimo vyake ni jambo jingine. Hayo ni ya anayemtibu na yake mwenyewe. Programu inayoweka vitu hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja itawafanya watu wafiche sindano. Na akificha, saa 72 zinapita.

JE, FAMILIA HAIONI KITU?

Hapa wengine watasema: kumbe haya yote ni ya kuwaficha wagonjwa makosa ya waganga! La. Ukurasa wa uchunguzi umefungwa ili watu waseme kweli ndani yake. Lakini ukweli kwamba mtoto wako alipewa dawa isiyo yake, dawa gani, saa ngapi, na anafanyiwa nini sasa, huo ni sehemu ya matibabu yake. Unapaswa kuelezwa na daktari kwa mdomo wake, na uandikwe katika faili la matibabu. Hospitali inayosema "hatuwezi kukueleza kwa sababu mfumo hauruhusu" inatumia kufuli kwa kazi ambayo halikutengenezewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2491, inafundisha kwamba siri za kazi, kama za waganga, lazima zitunzwe, isipokuwa katika hali za pekee ambapo kuzitunza kungeleta madhara makubwa sana yasiyoepukika ila kwa kusema ukweli. Siri inamlinda mgonjwa, haimlindi mtu dhidi ya mgonjwa.

Nasi waamini tujiangalie. Muuguzi anaimba kwaya, au ni mwanachama wa WAWATA, na baada ya Misa ya kwanza watu wanamzunguka: "Eti mama fulani amelazwa kwenu, ana nini?" Tunamtafuta aufungue mlango ambao hospitali imeufunga. Akinyamaza tunasema anaringa. Hata katika jumuiya zetu ndogondogo, nia njema ya kumwombea mgonjwa huishia kutaja ugonjwa wake mbele ya kaya kumi na tano. Mungu anamjua mgonjwa bila kutajiwa majibu ya maabara. Jina linatosha, na kama mwenyewe hajakubali, hata jina liachwe.

Nyumbani pia zipo ruhusa zake. Kadi ya kliniki ya mtoto inahitaji kuonwa na baba pia, si mama peke yake, ili siku mama akisafiri baba ajue chanjo inayofuata. Kadi ya mtu mzima ni yake. Ujumbe wa simu kutoka kliniki usomwe na mwenye simu. Ukiandikisha hospitalini namba ya simu inayoshikwa na watu watatu, ujue umewapa watu watatu ufunguo. Mwambie karani namba iliyo yako kweli, au mwambie wasikutumie ujumbe.

UKIWA NA MASHAKA

Unaweza kuuliza hospitalini, kwa heshima na bila kugombana: nani anaweza kuona faili langu? Je, kila mfanyakazi anaingia kwa jina lake? Je, mkitaka mnaweza kuona nani amelifungua? Hospitali iliyojipanga itajibu kwa dakika tano. Ikionekana maswali yamewashangaza, hilo nalo ni jibu.

Kwa Tanzania, Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 inaagiza majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI yatunzwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na kudai zile zenye makosa zisahihishwe, na habari za afya zimewekwa kati ya zile zinazolindwa zaidi. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa ya mwaka 2019.

Ukiona habari zako zimetoka, usianze kwa kumtuhumu mtu kwa jina barazani. Andika barua kwa mganga mfawidhi. Eleza ulihudhuria tarehe gani, wodi au kliniki gani, ulisikia nini, lini, na uombe hospitali itazame katika mfumo wake ni nani waliofungua faili lako kati ya tarehe fulani na tarehe fulani. Ombi hilo la mwisho ndilo lenye nguvu, kwa sababu ndilo yule mama wa Finland alilolikosa. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa, ukae nayo. Usipojibiwa, au jibu lisiporidhisha, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatanisha nakala hiyo yenye muhuri. Kama kuandika ni kazi ngumu kwako, mpe mtu mmoja unayemwamini akuandikie, na mkimaliza mwombe rasimu yake uichome wewe mwenyewe.